Ngao ya Livingstone

Kuna aina ya maandishi ambayo wahakiki wetu hawayagusi, kwa kuwa wanayahesabu kuwa ni bidhaa, si fasihi. Nayo ni ile karatasi nene iliyotiwa rangi ya ngozi ya kale, inayouzwa katika maduka ya zawadi huko Uskoti, Uingereza na Marekani, yenye jina la ukoo kwa herufi kubwa, ngao ya rangi katikati, na chini yake aya mbili au tatu za historia. Mnunuzi hutaja jina lake, muuzaji hutafuta katika orodha, na baada ya dakika chache mtu hutoka dukani akiwa na asili. Mimi nathubutu kusema kwamba karatasi hiyo ni maandishi kama maandishi mengine: ina mtindo wake, ina hoja yake, na inasomwa na watu wengi kuliko vitabu vingi vya historia. Kwa hiyo inastahili kuhakikiwa, na ikibidi kukemewa.

Nitaichukua ile ya jina la Livingstone. Sababu ni kwamba jina hili limefika kwetu. Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati wapo wanaume wengi wanaoitwa Livingstone kwa jina la kwanza, kama wengine wanavyoitwa Musa au Petro, na mmoja wao, jirani yangu wa miaka mingi, ameitundika karatasi hiyo sebuleni, ndani ya fremu, kando ya picha ya harusi yake. Aliletewa na mwanawe kutoka ng'ambo. Aliponiuliza, “Mwalimu, hii ngao sasa ni yangu?” nilimjibu kwamba si yake, na pia si ya Livingstone yule anayemfikiria. Yaliyobaki ya jibu langu ni haya.

Karatasi hizi huanza na maana ya jina, na hapo ndipo utamu wa kwanza ulipo. Msomaji wa Biblia akilitazama jina hili hulisoma kama “jiwe lililo hai”, na mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwenye Waraka wa Kwanza wa Petro. Mahubiri mangapi yamejengwa juu ya usomaji huo, sijui; mimi mwenyewe nimeyasikia mawili. Lakini jina hili halina jiwe ndani yake. Livingston ni mahali, katika eneo la West Lothian, magharibi ya Edinburgh. Katika karne ya 12, enzi za Mfalme David wa Kwanza, aliishi huko mtu aliyeitwa Leving, mwenye ardhi, aliyelitoa kanisa la kijiji chake kwa watawa wa Holyrood. Mahali pale pakaitwa boma la Leving. Neno la Kiingereza cha kale la boma, au makazi yaliyozungushiwa ua, ni tun, na ndilo lililozaa zile “ton” tunazoziona mwishoni mwa majina ya miji mingi ya Kiingereza. Ile “s” ni ya umilikaji tu. Mwandishi mmoja akaandika “ston”, mwingine akaongeza “e”, na jiwe likazaliwa kutokana na kalamu. Yaani ni sawasawa na mtu wetu kuitwa Kwamtoro kwa kuwa babu zake walitoka huko, kisha wajukuu wadai kwamba jina lao lina siri ya kiroho.

Katika jambo hili mwongozo wangu ni kitabu cha George Fraser Black kuhusu majina ya koo za Uskoti, kilichochapishwa mwaka 1946 na Maktaba ya Umma ya New York, alikofanya kazi kwa miaka mingi. Ni kitabu kizito, kikavu, na kwa maoni yangu ni kizuri sana. Black hasimulii. Anaweka jina, anaweka mwaka ambapo lilionekana kwa mara ya kwanza katika hati, anaweka mtu aliyeitwa hivyo, kisha anaendelea. Ukisoma kurasa 10 mfululizo unaona kwamba watu wengi walioingia katika historia ya Uskoti waliingia kwa kushuhudia hati ya kiwanja au kwa kushtakiwa kwa wizi wa ng'ombe. Ukavu huo ni dawa. Hata hivyo una kasoro moja ambayo ni lazima niitaje: mtaalamu wa hati humjua mtu pale tu anapoandikwa. Watu wa visiwani na milimani, waliohifadhi nasaba kwa ulimi, huingia katika kitabu cha namna hii wakiwa wamechelewa, na aghalabu kwa jina ambalo karani aliwapa.

Nalo hilo ndilo lililowapata Livingstone wa pili.

Maana hapa ndipo karatasi ya dukani inapoteleza, tena vibaya. Wapo Livingston wa nchi ya chini, mabwana wakubwa. Mwaka 1458 au karibu na hapo mkuu wao alipewa cheo cha Lord. Mary Livingston alikuwa mmoja wa wale wasichana wanne walioitwa Mary ambao walilelewa pamoja na Malkia Mary wa Uskoti. Mwaka 1600 mkuu wa ukoo akafanywa Earl wa Linlithgow. Na baada ya uasi wa mwaka 1715 cheo na mali vikataifishwa. Basi hao wana historia inayopendeza kuchapishwa. Halafu wapo Livingstone wa magharibi, wa kisiwa cha Lismore na nchi ya Appin, waliozungumza Kigaeli, ambao hawakuwa Livingstone hata kidogo. Jina lao lilikuwa MacLea, au MacLeay kama wengine walivyoliandika. Wakati fulani, hasa kuanzia karne ya 17, walianza kujiandika Livingstone mbele ya watu waliotumia Kiingereza. Wengi husema waliiga jina la bwana mmoja Livingstone aliyekodishwa ardhi za uaskofu huko Lismore. Iwe hivyo au vinginevyo, jambo lenyewe si geni kwetu: mtu ana jina la nyumbani na jina la ofisini, na baada ya vizazi vitatu lile la ofisini ndilo linalobaki.

Kuhusu maana ya MacLea zipo rai mbili. Moja inasema ni mwana wa tabibu. Nyingine inalipeleka kwenye jina la mtu wa kale, Donnshleibhe. Waandishi wa karatasi za zawadi huipenda ile ya kwanza, kwa sababu David Livingstone alikuwa daktari, na ni raha kuona kwamba damu ilijua mapema. Mimi naishuku kwa sababu hiyohiyo. Maelezo ya jina yanapolingana mno na sifa ya mtu mashuhuri aliyezaliwa miaka 500 baadaye, mhakiki ashike mfuko wake.

Sasa tuitazame ngao. Kwenye karatasi ya jirani yangu imechorwa vizuri, sikatai. Uwanja wa fedha, yaani mweupe. Maua matatu mekundu, kila moja lina petali tano. Na kuyazunguka, utepe maradufu wa kijani uliopambwa kwa maua ya yungi, mengine yakitazama ndani na mengine nje. Utepe kama huo, lakini mwekundu, umo katika ngao ya wafalme wa Uskoti ukimzunguka simba, kwa hiyo kuwa nao ni heshima kubwa. Juu ya ngao yupo mtu wa mwituni, anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, amevaa majani, mkono wa kulia ameshika rungu na wa kushoto ameviringwa na nyoka. Na kaulimbiu ni ya Kifaransa, Si je puis, maana yake “Nikiweza”. Naipenda kaulimbiu hiyo. Koo nyingine zinatishia watu kwa Kilatini. Hawa wanaahidi kwa masharti.

Lakini ngao hii ni ya nani? Kwa sheria ya Uskoti si ya jina, na hata si ya ukoo. Ngao ni mali ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ilikuwa ya mkuu wa Livingston wa nchi ya chini, na baada yake ya mrithi wake halali. Mdogo wake hawezi kuitumia mpaka apewe yenye tofauti, labda ukingo umeongezwa au rangi imebadilishwa. Anayesimamia mambo haya ni Lord Lyon, ofisa ambaye cheo chake kinatokana na yule simba wa wafalme, na ana mahakama yake Edinburgh, mahakama kamili yenye mwendesha mashtaka. Tangu mwaka 1672 ipo daftari ya umma ambamo kila ngao halali ya Uskoti lazima iandikwe, na kujitwalia ngao ya mwenzako ni kosa linaloweza kukutoza faini. Mtu wa kawaida wa ukoo ana ruhusa ndogo tu: avae beji yenye ile alama ya juu ya ngao ya mkuu wake, ikiwa imezungushiwa mkanda wenye bizimu na kaulimbiu. Mkanda ule ndio unaosema, “mimi ni mfuasi, si mwenyewe.” Karatasi ya dukani imeuacha mkanda na kuchapisha ngao tupu. Katika lugha ya ngao hilo ni sawa na kumwandikia mtu hati ya nyumba ya jirani.

Naona msomaji wetu anaweza kushangaa, kwa kuwa sisi tumezoea kinyume chake. Mganda wa ukoo wa Mamba ana haki ya muziro wake sawa na mkuu wa ukoo. Hakuna mtoto anayeambiwa asubiri kaka yake afe. Labda ndiyo maana karatasi hizi zinatuvutia: tunaisoma ngao ya Ulaya kana kwamba ni muziro. Wauzaji nao hawana haraka ya kutusahihisha.

Kosa la pili la karatasi ni kubwa zaidi. Inamweka David Livingstone chini ya maua matatu ya wale mabwana, kana kwamba wanahusiana. Yeye alitoka upande wa MacLea. Babu yake, Neil, alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva, na mwaka 1792 alihamia Blantyre, karibu na Glasgow, kutafuta kazi katika kiwanda cha pamba. Hapo ndipo David alipozaliwa tarehe 19 Machi 1813, na kiwandani humo ndimo alimoanza kazi akiwa na umri wa miaka 10. Ujanani alilitia saini jina lake bila “e”, Livingston, kwa kuwa baba yake alikuwa ameikata. Baadaye, kwa matakwa ya baba huyohuyo, akairudisha. Hebu fikiria: herufi ambayo watu wameitolea mahubiri ya jiwe lililo hai ilikuwa ikitoka na kuingia kama mtoto mlangoni.

Mwenyewe aliandika nini kuhusu asili yake? Kitabu chake cha safari za kimisionari cha mwaka 1857 kinaanza na habari hizo, na ninakubali kwamba kwa muda mrefu nilizoea kuziruka kurasa hizo ili nifike Afrika. Nawashauri wengine wasiziruke. Anasema kwamba baba wa babu yake alianguka katika vita vya Culloden, mwaka 1746, akipigania nasaba ya zamani ya wafalme. Anasema kwamba babu yake aliweza kusimulia maisha ya vizazi sita vya ukoo. Halafu anatoa habari moja tu kutoka vizazi vyote hivyo: mzee mmoja, akiwa karibu ya kufa, aliwaita watoto wake akawaambia kuwa ameichunguza kwa makini mila ya ukoo wao na hakumkuta hata mmoja ambaye hakuwa mwaminifu, kwa hiyo yeyote kati yao akiwa mwongo, asisingizie damu. Basi. Hakuna Malkia Mary, hakuna Earl, hakuna yungi.

Kama kipande cha maandishi nakiweka juu ya karatasi zote za dunia. Ni kifupi, kina mcheko wa chini kwa chini, na mzee yule anaigeuza nasaba kutoka fahari kuwa deni. Hata hivyo nisiwe shabiki. Mtu anayekumbuka vizazi sita na kutuachia kauli moja ya adili amechagua sana. Wale vizazi sita hawakuwa na wake? Hawakugombana? Mambo ya kutia haya hayakutokea hata mara moja katika Ulva? Nasaba ya mdomo nayo ina mhariri wake, na hapa mhariri alikuwa mkali kama Lord Lyon.

Tena ipo fahari ambayo angeweza kuichukua bila kumwibia mtu. MacLea wa Lismore walikuwa walinzi wa kurithi wa bakora ya Mtakatifu Moluag, mmisionari wa karne ya 6: kijiti cha mti, kilichokuwa kimevikwa shaba iliyopakwa dhahabu, ambacho kwa Kigaeli huitwa Bachuil. Mlinzi wake huitwa Baron wa Bachuil. Hati ya mwaka 1544 inathibitisha haki hiyo pamoja na kipande cha ardhi. Na Culloden, mapokeo yanasema, Livingstone mmoja aliikata bendera ya jeshi la Appin kutoka mlingoti wake, bendera ya buluu yenye msalaba wa njano, akajiviringia mwilini na kutoroka nayo. Kijiti na kitambaa. Hizo ndizo “ngao” za watu hawa. Mwaka 2003 Lord Lyon alimtambua Baron wa Bachuil kuwa mkuu wa ukoo wa MacLea. Nacho kinachonichekesha ni kwamba kaulimbiu yao, kwa Kigaeli, maana yake ni “nitalifanya nikiweza”. Walipoazima jina la mabwana waliazima na kaulimbiu, wakaitafsiri. Hilo peke yake linaeleza uhusiano wa koo hizi mbili kuliko aya zote za karatasi.

Karatasi inamtaja pia Livingston aliyetia saini tangazo la uhuru wa Marekani mwaka 1776. Ni kweli, Philip Livingston alitia saini. Ukoo wake ulitokana na Robert Livingston, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1654, mtoto wa mchungaji wa nchi ya chini, akahamia New York na kuwa tajiri wa ardhi. Huyu baada ya kunusurika baharini aliiacha kaulimbiu ya zamani akachukua ya Kilatini, Spero meliora, “natumaini mema zaidi”, na mahali pa mtu wa mwituni akaweka merikebu inayozama. Mtu aliyejichorea ngao yake kutokana na maisha yake namheshimu. Ila merikebu za familia hiyo, katika karne ya 18, zilikuwa na hisa katika biashara ya watumwa. Karatasi haisemi. Inamweka Philip upande mmoja wa ngao na David upande mwingine, mtu wa ukoo uliochuma katika watumwa na mtu aliyeandika dhidi ya biashara hiyo mpaka nguvu zikamwishia, na msomaji anatakiwa ajivunie wote kwa bei moja. Hapo ndipo ninapoacha kucheka. Jina likitumika kama kikapu cha kutupia kila mtu, halimwelezi mtu yeyote.

Tena tufike kwetu. David Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miezi tisa mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mwezi wa Aprili ukazikwa Westminster Abbey. Maandishi ya kaburi lile yanamtaja Chitambo, na yanasema kuwa maiti ililetwa na mikono iliyo aminifu. Mikono haina majina. Ilikuwa ya Chuma, ya Susi, ya Jacob Wainwright na ya wengine wengi.

Huyu Wainwright tumtazame, kwani kisa chake ni cha majina. Alikuwa Myao, alitwaliwa utumwani akiwa mdogo, akakombolewa baharini na kusomeshwa Nasik, India, na huko akapewa jina zima, la kwanza na la ukoo. Wainwright ni jina la Kiingereza la fundi wa kuunda magari ya kukokotwa. Yeye ndiye aliyechonga maandishi ya kumbukumbu katika mti pale Chitambo. Alikufa Urambo, mwaka 1892. Susi naye alibatizwa mwaka 1886, na jina alilolichukua lilikuwa David. Hakuchukua Livingstone, alichukua lile ambalo mtu huitwa na watu wa karibu.

Jirani yangu nilimweleza yote haya kwa jioni mbili. Karatasi bado ipo ukutani, na sikumwomba aitoe. Ni zawadi ya mwanawe. Ila chini ya fremu, kwa kalamu ya wino, ameandika majina matatu: Chuma, Susi, Wainwright. Aliniuliza kama Wainwright nao wana ngao. Nilimwambia dukani wanayo.